Kuhesabu Vibanda, Kuhesabu Mita

Hotuba kwa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, Temeke

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, wanachama wenzangu, habari za mchana.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, njoo utuzungumzie kodi, ila usitulaze." Nimemwahidi nitajitahidi. Nimekuwa mhasibu miaka thelathini na moja, na watu wa kazi yetu tunasifika kwa kulaza watu, kwa hiyo ukimwona jirani yako anasinzia mguse bega.

Naanza na mama mmoja ninayemfahamu kule Mbagala. Amepanga vyumba viwili, anauza chapati asubuhi na maharage jioni. Mwezi ulipoanza alinunua umeme wa elfu tano. Akaingiza namba kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, akaona uniti chache, akadhani amekosea. Akanifuata na simu yake: "Mwalimu, hebu nisomee hii." Nikamsomea. Kodi ya jengo, shilingi 1,500. Akanitazama, akauliza, "Hili jengo ni la kwangu?"

Swali hilo halikunitoka kichwani. Kisheria kodi ya jengo ni ya mmiliki. Mpangaji akishalipa kwenye umeme anatakiwa adai kwa mwenye nyumba, au wakatane kwenye pango. Sasa ninyi wapangaji mliomo humu ndani, niambieni, nani kati yenu amewahi kumfuata baba mwenye nyumba na risiti ya LUKU akarudishiwa 1,500 yake? Naona mnacheka. Basi mmeshanijibu.

Tuiangalie hiyo kodi yenyewe. Mwaka 2021 serikali iliihamishia kwenye mita za umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500 na 7,500. Kwa hiyo nyumba ya kawaida inalipiwa 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya kawaida ni ipi? Ni ile isiyo ghorofa. Nyumba ya tofali za kuchoma huku Mbagala, yenye wapangaji wanne na choo kimoja, ni nyumba ya kawaida. Nenda Masaki ukakute jumba la chini, geti la umeme, bwawa la kuogelea, bustani inayomwagiliwa hata kwenye mgao wa maji. Na lenyewe ni la kawaida. 18,000 na 18,000. Yule wa Masaki akitoka kula usiku mmoja hela hiyo haitoshi hata ya juisi za watoto. Mama wa chapati kwake ni unga wa siku kadhaa.

Kwa nini iwe hivyo? Nawaambia kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu: kwa sababu ni rahisi. Mita ina namba, umeme lazima ununuliwe, mfumo unakata wenyewe. Hakuna wa kumbembeleza, hakuna wa kumfungulia kesi. Mtozaji yeyote duniani akipewa nafasi ya kuchagua atamwendea yule asiyeweza kusogea.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Wajerumani mwaka 1897 walitunga sheria ya kodi ya vibanda. Rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha kijijini. Hawakuuliza una ng'ombe wangapi wala umevuna nini. Walihesabu mapaa. Na rupia hizo mkulima hakuwa nazo, ndiyo maana ilitungwa: ukaitafute rupia kwenye shamba la mzungu, au ulime zao ambalo mzungu atalinunua. Watu nao wana akili. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki walijibana, familia mbili kibanda kimoja, wake wawili paa moja, ili akija mhesabuji aone vibanda vichache. Kodi ikafika mpaka kwenye malazi ya watu! Waingereza walipopokea nchi wakaendeleza, na sheria yao ya mwaka 1922 ikataja kibanda na kichwa pamoja. Asiye na kibanda basi ana kichwa.

Wazee wangu hapa mbele hawahitaji kusimuliwa na mimi. Kodi ya kichwa ilipoondoka baada ya uhuru, ikarudi miaka ya themanini kwa jina la kodi ya maendeleo. Mnakumbuka migambo njiani asubuhi? "Stakabadhi iko wapi?" Kijana hana, anawekwa chini ya mwembe mpaka ndugu zake waje. Wengine walilala porini siku mbili. Mwaka 2003 ikafutwa, na sikumbuki mtu aliyeililia.

Mkulima asiye na kitu na tajiri wa kijiji walikuwa wanalipa kiasi kimoja. Basi mimi nikitazama kibanda cha mwaka 1897 na mita ya mwaka 2021, naona mhesabuji ni yule yule, kabadilisha kifaa.

Kuna watakaosema, "Mwalimu, lakini kodi nyingine zinapanda na kipato." Kweli. Wenye mishahara wanaijua PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kipato kinachotozwa kodi kikiwa 270,000 kwa mwezi au chini yake, hulipi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30. Huo ni utaratibu mzuri, nausifu. Ila angalieni unapoishia. Mwalimu wa sekondari mwenye milioni moja na laki mbili, ukipiga hesabu analipa 188,000. Shilingi yake ya mwisho imekatwa asilimia 30. Mkurugenzi mwenye milioni ishirini, shilingi yake ya mwisho nayo imekatwa asilimia 30. Ngazi imepandishwa kwa uangalifu mpaka milioni moja, halafu fundi akaenda nyumbani. Wenzetu Kenya mwaka 2023 waliongeza vidato viwili juu: asilimia 32.5 kwa anayezidi laki tano za Kenya kwa mwezi, na 35 kwa anayezidi laki nane. Sisemi tuwaige kila kitu. Mwaka uliofuata muswada wao wa fedha ulitaka kuweka VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye mkate, vijana wakaingia barabarani, watu wakauawa, na rais akakataa kuusaini. Ninachosema ni kwamba vidato vya juu vinawezekana na anga haikuanguka.

VAT nitaipita haraka maana mnaijua kwa kuilipa. Ilianza hapa mwaka 1998 kwa asilimia 20, tangu 2009 kiwango cha kawaida ni 18. Sabuni ya 1,180, kodi ndani yake ni 180, uwe mama ntilie uwe waziri. Waziri ananunua vitu vingi zaidi, kwa hiyo kwa jumla analipa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mama ntilie anatumia karibu kila shilingi anayopata, waziri anayo ya kubakiza, ya kununulia kiwanja, ya kuweka benki. Ile anayobakiza VAT haiigusi. Ndiyo sababu vyakula vingi visivyosindikwa vimeachwa nje ya VAT, na ni uamuzi wa haki.

Lakini msamaha nao una ujanja wake, na hapa naomba wanawake mnisikilize. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike. Tulishangilia, na mimi na binti zangu tukiwemo. Mwaka mmoja baadaye, bajeti ya 2019, ikairudisha. Sababu iliyotolewa bungeni: bei dukani haikushuka. Nani aliila ile asilimia 18? Iliishia njiani, kati ya bandari na duka la mtaani. Wengine wakahitimisha kwamba msamaha haufai. Mimi nahitimisha tofauti. Kuna tofauti kati ya kumsamehe kodi mwenye bidhaa na kumpunguzia bei mnunuzi, na bidhaa ikiwa kwenye kundi la misamaha, mtengenezaji wa ndani hawezi kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye malighafi. Gharama hiyo anaipachika kwenye bei. Ukitaka binti wa shule apate taulo kwa bei nafuu, unaiweka bidhaa kwenye kiwango cha sifuri ili mtengenezaji arudishiwe chake, au unampelekea shuleni. Kufuta neno kwenye jedwali la sheria na kwenda kupumzika hakutoshi.

Tozo za miamala ya simu mnazikumbuka? Julai 2021. Kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi. Mtu mwenye akaunti benki alihamisha mamilioni kupitia benki yake bila kuguswa, na mtoto aliyemtumia mama yake elfu ishirini kijijini akakatwa, na mama akitoa anakatwa tena. Nchi nzima ilipiga kelele, tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya wiki chache, ikaja kupunguzwa tena, na ilipopanuliwa kugusa benki mwaka 2022, ghafla na magazeti ya wenye suti yakaanza kuandika habari za mzigo. Sitasema zaidi. Ila mwaka 2023 ikaja shilingi 1,000 kwa kila mfuko wa saruji wa kilo hamsini. Mfuko ni mfuko, uwe wa kupiga lipu chumba kimoja au wa kujengea hoteli.

Sasa nije kwenye biashara zenu, maana najua ndicho kilichowaleta.

Mfanyabiashara mdogo ukikutana naye hasemi "nimelipa kodi", anasema "nimekadiriwa". Mwaka huu nimekadiriwa laki nne. Wewe umekadiriwa ngapi? Kama bahati nasibu. Na ukimuuliza wamekukadiriaje, anakujibu, "Waliangalia duka." Hapo ndipo hasira inapozaliwa. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka, Waziri Mkuu akaenda kukaa nao. Ukisikiliza malalamiko yao, mengi hayakuwa kwamba kiwango ni kikubwa. Yalikuwa kamatakamata, kikosi kazi, makadirio yasiyoelezeka.

Jedwali lililowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo lilikuwa hivi. Mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, hulipi kodi ya mapato. Kati ya nne na saba, kama huna kumbukumbu za mauzo, unalipa 100,000. Kama unazo, unalipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni nne. Chukua mauzo ya milioni tano. Asiye na daftari, laki moja. Mwenye daftari, asilimia 3 ya milioni moja, yaani 30,000. Tofauti ni elfu sabini, na daftari pale kwa muuza duka ni elfu mbili.

Nilimwambia hayo kijana mmoja anayeuza vipuri vya bodaboda. Akanijibu kitu ambacho sikukitegemea: "Mwalimu, nikiandika watajua." Nikamwambia, mdogo wangu, usipoandika wanabuni. Akatafakari, akasema, "Lakini nikiandika na mwenzangu haandiki, si mimi ndiye mjinga?" Hapo sikuwa na jibu la haraka. Ana hoja. Haki ya kodi ina pande mbili: ya juu kwa chini, na ya jirani kwa jirani. Mtu anaweza kuvumilia kodi nzito akiona na mwenzake kaibeba.

Hapo niwapeleke Upare kidogo. Miaka ya arubaini Waingereza waliona kodi ya kichwa inayolingana kwa wote haina haki, wakaleta nyingine Upare, iliyopanda kulingana na mali ya mtu. Ikajulikana kwa jina la mbiru. Kwenye karatasi ndiyo hasa kodi ninayoitetea leo: mwenye nacho atoe zaidi. Wapare wakaikataa. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya, si siku moja wala mbili. Mwaka uliofuata wanawake wakaandamana, wakitaka waume zao warudi nyumbani, mashamba yanakufa. Serikali mwishowe ikaiacha.

Kwa nini watu wakatae kodi ya haki? Kwa sababu waliokuwa wanapima mali yao ni watu wa machifu, na hakuna aliyejua wanapimaje. Leo una ng'ombe watatu umeandikwa watano, mwenye kumi ni mjomba wa karani kaandikwa wanne. Upimaji ulikuwa gizani. Mimi hili linanisumbua kila nikitoa hotuba kama hii, maana ni rahisi kusimama hapa kudai kodi ya kupanda na kipato. Kazi ngumu ni kipimo ambacho mlipaji anaweza kukikagua mwenyewe.

Na kipimo cha namna hiyo kipo. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mwaka 2020 chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr walibadili kodi ya majengo. Hawakuwa na wathamini wa kutosha kuingia kila nyumba, tatizo ambalo na sisi tunalo. Wakatumia picha za setilaiti kuona ukubwa wa jengo, kisha wakatembea barabarani wakitoa alama kwa vitu vinavyoonekana kwa nje: paa la nini, ukuta wa nini, kuna bwawa, barabara ya kufika ikoje. Alama zikajumlishwa, kodi ikatoka. Nyumba duni zikapunguziwa, majumba yakapandishiwa mara kadhaa. Mwenye nyumba akikataa, anaonyeshwa alama zake moja moja. Haikupita bila mvutano na serikali kuu, wakubwa hawapendi kuhesabiwa mabwawa. Lakini ilionyesha kwamba kuhesabu paa na kuthamini jengo si lazima viwe mbali sana. Na sisi sheria yetu ya kodi za majengo mijini ya mwaka 1983 ilishatoa nafasi ya kuthamini. Tulijua njia, tukachagua ya mkato.

Mtaniuliza, na makampuni makubwa je? Nisingependa nionekane nimewaandama wenye majumba Masaki nikawasahau wenye migodi. Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki lilitoa ripoti mwaka 2015 kwamba bara hili linapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa fedha zinazotoroshwa. Sehemu kubwa haibebwi kwenye mabegi. Inaandikwa kwenye ankara. Kampuni ya hapa inanunua ushauri kutoka kwa kampuni dada, ya mmiliki yule yule, iliyoko nchi isiyotoza kodi, ushauri unagharimu kuliko mtambo, faida ya hapa inakuwa sifuri. Kila mwaka hasara, na kila mwaka wanapanua mgodi. Ningekuwa na duka la hasara la namna hiyo ningelifunga!

Tumejaribu. Mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mchimbaji anailipa serikali kwa madini anayotoa, ulikuwa asilimia 3 kwa sheria ya 1998, ukawa 4 mwaka 2010, ukawa 6 mwaka 2017. Mgogoro wetu wa kodi na kampuni ya dhahabu ya Acacia ulianza na madai ya dola bilioni 190, ukaisha kwa makubaliano na Barrick, kampuni mama yake, ya dola milioni 300 na asilimia 16 ya hisa kwa serikali katika kampuni ya Twiga. Kila mtu apime mwenyewe hizo namba mbili. Kenya, Machi 2019, mahakama kuu ilitengua mkataba wao wa kodi na Mauritius baada ya wanaharakati kufungua kesi. Na Novemba 2023, huko Umoja wa Mataifa, nchi za Afrika zilipeleka azimio la kutunga mkataba wa dunia wa kodi. Kura 125 ziliunga mkono, 48 zikapinga, na waliopinga wengi ni nchi tajiri. Mambo hayo yako mbali na Temeke, najua. Lakini kila shilingi isiyopatikana mgodini inatafutwa mahali, na mahali penyewe ni kwenye mita yako.

Nimesikia mtu huko nyuma akisema, "Tulipe ili waibe?" Nimekusikia, baba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali inatoka kila mwaka na wewe una haki ya kukasirika ukiisoma. Mimi pia hukasirika. Lakini ukiacha kulipa anayeumia wa kwanza ni yule anayetegemea zahanati ya kata, maana mwizi hatibiwi pale.

Mwenyekiti naona anatazama saa, na wali nimeshaunusa. Kuna jambo moja nataka tulianze leo leo kabla hatujatawanyika. Diwani wa kata amekubali kupokea barua ya wapangaji kuhusu kodi ya jengo, lakini anataka takwimu, hataki hadithi. Katibu ana karatasi pale mlangoni. Kila mpangaji aandike nyumba nzima ina mita ngapi za umeme, amekatwa mara ngapi tangu Januari, na kama mwenye nyumba amewahi kumrudishia. Majina ya wenye nyumba msiandike, hatutaki ugomvi. Kama ujumbe wa LUKU bado uko kwenye simu, usiufute. Na wale wa daftari, darasa ni Jumanne saa kumi na mbili jioni, chumba hiki hiki. Njooni na mauzo ya wiki moja tu, hata kama mmeyaandika nyuma ya boksi la sabuni.